Chupa Uliyosema Isifunguliwe

Nyumbani kwa Baba,
Nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Pokea salamu zangu. Natumai u mzima, na wifi yangu mzima, na miguu yake imeacha kuvimba kwa kusimama kutwa pale dukani. Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu ambaye hajapata usingizi wa maana tangu Jumatano. Baba yu hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Operesheni ilifanyika Ijumaa asubuhi. Daktari ametoa koromeo lote, kama alivyosema, na uvimbe umetoka nalo. Sasa Baba anapumua kwa tundu la shingoni. Sauti hana tena. Nilikwambia haya mwanzoni mwa mwezi, neno kwa neno, na nikakwambia pia kwamba pua yake haitanusa kama zamani, kwa sababu hewa haitapita tena huko. Seremala anayetambua ubao kwa kuunusa tu, macho amefumba! Ukasema Jumatano utakuwa umefika. Jumanne ukatuma ujumbe kwamba zamu yako imebadilishwa.

Basi nikusimulie hiyo Jumatano yako ilivyokwenda.

Unaikumbuka ile wiski uliyomtumia Baba miaka mitatu iliyopita kwa mkono wa rafiki yako dereva wa malori. Wiski ya Uskochi, ya shayiri tupu, pamoja na karatasi yako: imekaa miaka kumi na miwili ndani ya pipa la mwaloni lililokuwa na sheri, ule mvinyo mkali wa Uhispania. Chini ukaongeza, "Msifungue mpaka nije." Mhudumu wa baa ya jirani alipoiona alisema ni nzuri, na bei yake haiumizi. Baba alifurahi kweli. "Afadhali," alisema. "Angenunua ya bei mbaya ningeogopa kuimeza."

Sasa sikia kazi ya baba yako. Kwa akili ya useremala, kitu kilichokomaa ndani ya mbao hakifai kuachwa uchi kwenye kabati la vioo. Akaitengenezea sanduku la mbao ngumu, bila msumari hata mmoja, akaiweka humo kwa ubavu, akafunga kifuniko na kulipandisha juu ya kabati. Kila ulipoahidi kuja alilishusha akalifuta vumbi, halafu akalirudisha. Hakufungua hata kuchungulia. Wewe ulishasema.

Jumatano alasiri, baada ya kutegea mlango labda ungebisha licha ya ujumbe wako, alilishusha tena. Kumbe wiski haiwekwi kwa ubavu. Ni kali, inakula kizibo. Kizibo kilikuwa kimeoza, kikavunjikavunjika mkononi mwake, na sehemu kubwa ya kinywaji ilikuwa imevuja na kukaukia ndani ya mbao. Baba alilitazama sanduku lake zuri, akacheka kile kicheko chake cha kukwaruza, akasema, "Miaka mitatu nalinywesha sanduku."

Tulichuja iliyobaki kwa chujio la chai na kuigawa kwenye glasi mbili. Hakunywa kwanza. Alinusa, kwa muda mrefu, macho amefumba, na mimi nikajua anafanya nini, nikageukia dirishani. Akaanza kutaja. Zabibu kavu. Ganda la chungwa. Sukari iliyoungua kidogo chini ya sufuria. Akanusa tena, akasema, "Na huu ndio mwaloni wenyewe. Maisha yangu yote nimetengeneza meza moja tu ya mwaloni." Kisha akalowesha ulimi, tone tu, maana koo lilikuwa linamchoma. Mimi nilikunywa yangu yote: utamu mwanzoni, halafu moto, na mwishoni uchungu wa kizibo kilichooza, ambao mpaka sasa naona kama bado umenikalia mdomoni. Aliniuliza kama ni nzuri. Nikasema nzuri sana.

Akataka akupigie. Alikuwa ameyapanga kichwani yale aliyoyanusa ili akutajie moja moja, kwa sauti yake. Simu yako iliita mara nne. Baadaye ukaandika: "Niko kazini, nitapiga Jumapili." Jumapili! Ulijua kuna Ijumaa katikati. Najua kazi ni kazi, na wakubwa wa kazi hawana huruma. Lakini dakika mbili, Profesa, mtu huzipata hata akienda chooni. Nimekukasirikia, na sitajifanya vinginevyo eti kwa kuwa wewe ndiye kitinda mimba wetu.

Nisalimie wifi, uwasalimie na watoto. Waambie babu yao anaendelea kupata nafuu. Shangazi anakusalimu. Alitaka kukuandikia mwenyewe, nikamzuia, kwa sababu yeye angekutukana.

Kuna jambo nililotaka kulimeza, nimeshindwa. Leo ulipiga, kama ulivyosema, nikakujibu kwamba Baba amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kitandani pale hospitalini, ameegemea mito, anaitazama simu mkononi mwangu na jina lako juu yake. Nilimwonyesha kwa ishara kwamba nitamwekea sikioni, akusikie tu, si lazima ajibu. Akachukua penseli na daftari alilopewa na muuguzi, akaandika kwa zile herufi zake kubwa za kuandikia vipimo: MWAMBIE NIMELALA.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe safari ya kuja.

Akupendaye, ingawa leo kwa shida,

Dada yako.