Dawa ya kupe kwenye machungwa ya Ileje

Scola, mikono yangu bado inanuka. Nimenawa na sabuni ya kufulia na bado inanuka.

Yale machungwa ya kikundi cha akina mama wa Ileje, tuliyoyatunza msimu mzima bila tone la sumu, nimeyakuta hapa Chapwa, karibu na mpaka, juu ya lori yakipigwa dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Dawa ya kupe. Juu ya machungwa. Nami nimeyashika kwa mikono hii.

Mwenye lori ni Bugalama, mfugaji wa Momba anayetupelekea mzigo kwa mnunuzi wa Zambia. Foleni ya mpakani haikusogea, nzi wakajaa, akachukua bomba lake la mifugo. Nikamuuliza, "Baba, unafanya nini?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Nafukuza nzi, mwanangu. Ng'ombe wangu wanaogeshwa hii hii na hajafa hata mmoja."

Hajafa hata mmoja. Anasema hivyo huku ananichagulia chungwa zuri nile.

Nikampigia Mama Tukuswiga, mwenyekiti wa kikundi, nikidhani atalia. Akauliza tu, "Na machungwa ya juzi je?"

Ya juzi, Scola. Aliyabeba huyu huyu, na yalishavuka kwenda Zambia.

Nikamuuliza Bugalama. Akasema, "Yale niliyapiga vizuri zaidi, nzi walikuwa wengi."

Sasa nampigia mnunuzi nimwambie ukweli. Atatuacha, najua, na akina mama watabaki na matunda yao mitini. Lakini kule ng'ambo kuna watoto wanayamenya kwa meno.