Filamu ya Mwende

Jumanne

Bado wanaionyesha. Leo nilikwenda kwenye banda la video hapa Kianda kumwamuru mwenye banda aizime ile filamu waliyoitunga kutokana na mauaji ya binti yetu, Mwende.

Vijana walikuwa wamejaa, wakipigiana kelele: "Tulieni, hapa ndio anadedi!"

Kwenye benchi la mbele nilimkuta mke wangu.

"Keti, Baba Mwende," alininong'oneza. "Usiangalie kisu. Ngoja airudishe mwanzo."

Mwenye banda akairudisha. Kwenye skrini, msichana anayemwigiza Mwende aliingia akicheka, amevaa gauni la marehemu. Mke wangu ndiye aliyewapa watunga filamu, na hakuniambia.

Sikumwamuru mtu. Niliketi, na msichana yule alipocheka, mimi pia sikutaka izimwe.

Kesho tutarudi. Sijui tutaacha lini.