Nywele za Waziri

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa. Baba anakula, anatembea, na anasikia kile anachotaka kusikia. Mimi bado nafundisha darasa la tatu, na mchana narudi nyumbani kumwangalia. Lakini ukiniuliza ya moyoni, nitakuwa mwongo nikijibu sijambo. Nina hasira, dada. Huu mwezi wa nne sasa nalala nayo na kuamka nayo, na leo nimeamua kuimalizia kwenye karatasi kabla sijaimalizia kwa mtu.

Najua ulinikataza. Uliandika kwamba hutaki kusikia habari za kile kijibwa, kwa kuwa ni mbwa wa mmbeya, na mbwa wa mmbeya afuate njia ya mwenyewe. Nilikuelewa. Lakini bila huyo mbwa barua hii haina miguu, kwa hiyo nivumilie.

Unajua fundi cherehani wa mlango wa pili alifariki mwanzoni mwa mwaka. Alipoona mambo yanamwendea vibaya, alimwita Baba, akamkabidhi mbwa wake, akamwomba asimtupe. Basi Baba yetu, ambaye hakuwahi kuruhusu hata paka akanyage kizingiti, akarudi nyumbani na kiumbe kifuani. Ni wa aina ya pomerania. Uzito wake haufiki kilo tatu, na manyoya yalikuwa mengi mpaka unajiuliza mbwa mwenyewe yuko wapi humo ndani. Marehemu alimwita Waziri kwa sababu anatembea kifua mbele na anabweka kabla hajaelewa jambo.

Sasa sikiliza anavyotunzwa huyo Waziri. Alfajiri Baba anachemsha kuku, anamchambua nyuzi nyuzi, bila chumvi. Anamlisha mara nne kwa siku, kidogo kidogo, kwani daktari wa mifugo alimwambia mbwa mdogo hivi akikaa na njaa muda mrefu anatetemeka na kuanguka. Mara nne, dada! Wewe na mimi tulilala njaa kwa glasi moja iliyovunjika, na hakuna daktari aliyeitwa. Akitoka naye hamfungi kamba shingoni, anamvalisha mkanda wa kifuani. Siku niliyoshika kamba ya kawaida alinikemea, akasema koo la mbwa huyu ni laini, hawavutwi shingoni hawa. Niliitazama ile mikono yake nikakumbuka ni shingo za nani ilizozivuta. Kwenye kochi haruhusiwi kuruka, anabebwa kushushwa, magoti yasije yakateguka. Meno anasuguliwa kwa kitambaa kilichoviringwa kidoleni. Na manyoya, ee dada, manyoya yalikuwa yanachanwa kila jioni kwa chanuo la dukani. Anaanzia nchani, anarashia maji, fundo likikataa analifungua kwa vidole, huku anamwomba radhi. Namsikia kwa masikio yangu akimwomba radhi mbwa.

Siku moja Waziri alikojolea madaftari ya wanafunzi wangu niliyokuwa nimeyapanga sakafuni. Arobaini na mbili. Baba alicheka mpaka akakohoa. Nilimwambia mbwa wake hana adabu, akanijibu kwamba bado ni mtoto. Ana miaka sita huyo mbwa. Nikatoka nje nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Yote hayo ningeyameza, kama nilivyomeza mengine. Kilichonishinda ni hiki. Ulipoingia ule mwezi wa joto, Waziri alianza kuhema ulimi nje, na Baba akaona njia ni moja. Unamjua. Amenyoa vichwa miaka arobaini, na kwake hakuna tatizo la joto ambalo mashine haiwezi kulitatua. Nilipotoka shuleni nilimkuta mbwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi pale chumba cha mbele, dukani kwake, amenyolewa kipara mwili mzima, amepakwa mafuta, anang'aa. Kilichobaki kilikuwa kama panya aliyeloa. Baba alisimama nyuma yake na kioo kidogo mkononi, kama anavyomwonyesha mteja kisogo. Alikuwa na furaha.

Kwa siku mbili Waziri hakutoka chini ya kiti. Jua lilimchoma mgongo ukawa mwekundu, na asubuhi alitetemeka. Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, binti mmoja asiye na simile, naye alimgombeza Baba kama vile mimi ninavyogombeza darasa la tatu. Alisema mbwa hawa wana manyoya ya tabaka mbili, na hayo hayo yanayowakinga na baridi ndiyo yanayowakinga na joto. Ukiwanyoa mpaka kwenye ngozi, nywele huweza kuchukua mwaka na zaidi kurudi, au zikarudi viraka viraka, au zisirudi kabisa. Baba akauliza kama ana maana kabisa kabisa. Akajibiwa ndiyo. Basi akakaa kwenye benchi, mbwa kamfunga kwenye kile kitambaa cha kinyozi, akalia. Mbele ya mama mmoja na paka wake, mbele ya mlinzi, alilia machozi ya kweli, mabega yakimcheza.

Mimi niliwaacha humo nikaenda kusimama barabarani. Hujawahi kumwona Baba akilia, na mimi sikuwahi, hata tulipomzika Mama. Na wewe unajua nilichokuwa nakiona pale barabarani. Kiti ni kile kile. Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa, wanaume watatu wanasubiri zamu na magazeti yao. Ulikuwa na miaka kumi na sita na nywele zako zilifika mabegani. Alikukalisha, akakunyoa mpaka kwenye ngozi, kwa kuwa aliambiwa umeonekana nyuma ya gereji na kijana wa fundi magari. Hakuna aliyeinua jicho kutoka kwenye gazeti. Nywele zako alizifagia pamoja na za wateja, akasema anayefuata. Chozi hata moja hakudondosha. Ulihamia kwa shangazi mwezi ule ule, na mlango huu hujaukanyaga miaka ishirini na tatu. Hata Mama alipozikwa uliishia makaburini, ukageukia pale pale.

Tulipofika nyumbani nilimwambia. Sijivunii ulimi wangu wa siku ile. Nilimwambia kwamba amewahi kunyoa kichwa cha mwanawe wa kumzaa bila kulia, leo analilia manyoya ya mbwa wa jirani. Nilisema na mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniuliza kama nywele zako ziliota.

Aliuliza hivyo hivyo, dada, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kujua. Nikamjibu sijui, kwani kila picha unayotuma umejifunga kilemba, na kama anataka kujua akakuulize mwenyewe. Akasema sawa. Akaniagiza nikuandikie kwamba alikukosea, kwamba hana la kujitetea, na kwamba anakuomba umruhusu aje mlangoni kwako. Usipomkaribisha kuketi atasimama. Ukitaka kuja wewe, nyumba ni yako. Maneno yake ndiyo hayo, sijayatia chumvi wala kuyapunguza.

Aliniagiza hayo wiki tatu zilizopita. Baba kila siku ananiuliza kama barua imekwenda, nami kila siku namwambia kesho. Si uvivu. Siwezi kukuletea toba ya mtu mwingine na kuificha yangu chini ya bahasha.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Fundi cherehani hakusema neno. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Asubuhi ile nilikuomba unisuke kama ulivyojisuka wewe, ukacheka, ukasema nywele zangu hata chanuo linazionea huruma. Pengine umesahau, ulikuwa utani tu. Mimi nilitoka hapo nikafura, nikakufuata mpaka gereji, nikakuona umekaa kwenye tairi unazungumza na yule kijana. Mlikuwa mnazungumza tu. Nilikimbia dukani. Baba alikuwa na mashine kichwani mwa mteja. Nikamwambia nimekuona, na nikaongeza kwamba ulikuwa unamwachia azichezee nywele zako. Hilo nililitunga. Sikuchagua neno nywele kwa bahati mbaya, dada, nilijua ninachokitaka kiharibike.

Uliposema lazima ni yule fundi cherehani aliyekuchongea, kwani dirisha lake linatazama gereji, nilitikisa kichwa kukubali. Nimekitikisa miaka ishirini na tatu. Pale makaburini alikunyooshea mkono ukampita, na mimi nilikuwa nyuma yako, nikaupita pia. Kila tulipokutana aliniuliza hali yako. Amekufa mmbeya, na umbeya ni wangu.

Jana nilimwambia Baba. Nilitarajia anifukuze. Alikuwa anampaka Waziri dawa mgongoni, hakuinua kichwa. Alisema mtoto wa miaka kumi na moja alisema neno, lakini mashine ilikuwa mkononi mwake yeye. Akaendelea kupaka. Nilikasirika zaidi ya miezi yote hii minne, kwa sababu alinisamehe kama mtu anayesogeza kiti, na msamaha wenyewe haukuwa wake wa kutoa.

Mjibu Baba, dada. Mjibu hata kama ni kumkatalia, ila usimkatalie kwa ajili yangu. Kama utakuja na hutaki kuniona, niandikie siku tu. Nitahamia kwa mwalimu mwenzangu mpaka uondoke, na funguo nitamwachia Baba.

Msalimie shemeji, na watoto uwaambie mama yao mdogo anawapenda. Mengine ni juu yako kuwaambia au kutowaambia. Waziri anawasalimu kwa kubweka. Mpaka leo hajaota hata unywele mmoja.

Ni mimi mdogo wako, kama bado unaniita hivyo.