Boneti Likoni, Gari Kisauni

Kwako Bi Mwanarehema, mshauri wetu wa gazetini,

Baada ya salamu na heshima, naomba unishike mkono maana nimefika mahali sijui niseme nini kwa nani. Marehemu baba yetu, Mungu amrehemu, alituacha watoto watatu, Badawi mkubwa, Mahfudh wa pili na mimi kitindamimba, na akaacha gari lake dogo la mbio, la viti viwili, alilolinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirejea kwao. Tangu afariki gari liko Kisauni kwa Mahfudh, naye alipoona rangi ya boneti imebabuka kwa jua na kutu imeanza kula pembeni, akaifungua akaipeleka Changamwe kwa fundi Musyoka ikwanguliwe na kupakwa nyekundu, basi Badawi anayekaa mjini aliposikia nyekundu akapandwa na hasira, akasema baba alilipenda kijani na kijani litabaki, na kwamba Mahfudh analipamba apate kuliuza. Akaenda kwa fundi, Mahfudh asijue, akaikuta boneti imeshakwanguliwa yote na kupakwa rangi ya chini tu, akaipakia lori akavuka nayo feri akaja kuiegemeza ukutani chumbani kwangu hapa Likoni, akaniambia, "Alawiya, ikitoka hapa mimi si nduguyo."

Keshoye akaja Mahfudh, hakupandisha sauti, alikaa akaitazama, akasema nikimnyima ataelewa kuwa nimeshachagua. Mume wangu ni mtu wa meli, hayupo, na shida zangu zote hukimbilia kwa kaka zangu hawa. Tena fundi ameniletea salamu kuwa rangi ya chini haizuii hewa yetu ya chumvi, na isipopakwa rangi kamili kabla ya masika itaota kutu upya, na kweli vidoa nimeviona. Wallahi nawapenda wote wawili, na gari lile pia nililipenda, baba alikuwa akinipandisha na buibui langu tukienda hadi Mkomani na kurudi, lakini hayo si ya kusemwa sasa. Niambie tu, boneti nimpe nani?

Alawiya, Likoni, Machi 1961

*

Alawiya mwanangu,

Pole sana. Kuwekwa kati na ndugu wawili si jambo jepesi, na Badawi hakuwa na haki ya kukutupia mzigo ule chumbani kisha akakutisha. Hata huyo Mahfudh asiyepandisha sauti amekutisha vilevile, ila kwa upole.

Lakini na wewe nina ugomvi nawe. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta ulipoandika "gari letu", sikupaona. Umeniambia baba aliacha watoto watatu, kisha ukahesabu warithi wawili. Wa tatu umempeleka wapi?

Gari la marehemu lisilogawanywa si la Mahfudh eti kwa kuwa limelala uani kwake, wala si la Badawi kwa kuwa ndiye mkubwa. Na wewe umo. Fungu lako ni dogo kuliko lao, ndivyo sheria yetu ilivyo, lakini dogo si hakuna. Najua tunavyolelewa: msichana akidai kwa kaka zake huambiwa anavunja udugu. Haya, wewe umenyamaza, na udugu si huo unavunjika?

Kwa hiyo boneti usimpe yeyote. Waite wote wawili Ijumaa hii baada ya sala, uwape chakula, washibe. Kisha waambie, "Na mimi ni mtoto wa baba, twendeni kwa Kadhi tugawanye." Usilie, wala usiombe radhi. Badawi atanuna, mwache anune. Akikukana kwa kudai haki yako, basi si boneti iliyomtoa katika udugu. Wakikubaliana, waibebe wenyewe wawili mpaka Changamwe, wala lisiitwe lori la mtu, na fundi afanye kazi yake mvua hazijaanza.

Imebaki rangi. Hao wamepigania nyekundu na kijani mpaka wakanuniana, na hakuna aliyekuuliza wewe. Waambie unataka rangi gani kabla boneti haijatoka mlangoni kwako. Hata mimi uliyeniandikia haya yote sijui, maana hukuniambia.

Bi Mwanarehema