Mchanga Usioona Mwanga

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimefika Mwamadilu saa nne asubuhi. Joto. Vumbi mpaka kwenye meno.

Ile ngazi ya ardhi niliyoiona kwenye picha za setilaiti ipo kweli! Kimo cha kiuno cha mtu, inakata mashamba ya mpunga kutoka kaskazini kwenda kusini, pembezoni kabisa mwa bonde la Manonga. Wenyeji wanasema ni ukingo wa mto uliokufa. Mimi nadhani ni ufa. Nikiwa sahihi, Bonde la Ufa halikuishia kule Eyasi kama ninavyowafundisha wanafunzi. Linajipenyeza hadi huku, kwenye mwamba mkongwe ambao tumezoea kusema haupasuki.

Pa kuchimba mtaro ni mahali pamoja tu, katikati ya majaruba ya Mama Ndaki. Mjane, umri wa mama yangu. Shikamoo, marahaba, akanipa kigoda. Nikamweleza kwa utulivu: nataka kuona matabaka ya udongo, nijue ardhi iliachana lini. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema hapana. Mvua ziko mlangoni. Tuta la jaruba likikatwa, maji hayakai, na mpunga ni ndiyo basi.

Halafu akauliza polepole kama ni dhahabu.

Thobias, dereva wangu, mtu wa Geita — kwake kila shimo ni dhahabu — akacheka. "Mama, wataalamu huwa hawatangazi."

Na mimi nikatabasamu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilitabasamu nikaangalia viatu vyangu.

Amekubali. Kesho tunaanza.

Jumatano, 9 Oktoba

Wanaume tisa, siku mbili, majembe na sururu. Mtaro una urefu wa hatua kumi na tano, kina cha mtu aliyenyoosha mkono. Nilipotaja malipo walisema tutaelewana mbele ya safari. Safari ipi? Najua ni ipi. Nikanyamaza tena.

Lakini nilichokiona! Juu udongo wa mfinyanzi, mweusi, wa mbugani, chini yake mchanga wa kijivu wa ziwa la kale, chini zaidi tabaka jeupe kama unga wa muhogo. Na ufa umeyakata yote matatu. Upande mmoja umeshuka karibu mita nzima. Hata mfinyanzi wa juu, wa juzijuzi kwa hesabu zetu, umekatwa. Nilikaa chini mtaroni nikashika kichwa. Miaka kumi na moja nimetafuta kitu hiki, na wenzangu wanacheka kwenye vikao.

Sasa sampuli. Mchanga unatunza kumbukumbu ya mara ya mwisho ulipoona jua, na maabara inaweza kuisoma. Sharti ni moja, usione mwanga tena njiani. Ukiuona mara moja tu, kumbukumbu imefutika. Kwa hiyo nilijifunika turubai jeusi, nikapigilia mirija ya chuma ukutani, nikaiziba, nikaizungushia utepe mweusi. Mama Ndaki ndiye aliyekuwa akinipitishia mirija kwa chini. Mmoja, wa pili, hadi saba. Wa saba ndio wenye thamani, umetoka kwenye mchanga ulioujaza ufa wenyewe.

Nilipotoka chini ya turubai watu walikuwa wamesimama kama kanisani. Mzee mmoja akavua kofia. Nilibeba mirija hadi garini, jasho linatiririka, na hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kwa mama ntilie, nyuma ya pazia, nimewasikia wawili. Mmoja anasema Dokta ameshaipata, ndiyo maana anaifunika. Mwenzake anasema si kuifunika tu, ameipiga utepe kabisa, usipime. Nilitakiwa kusogeza pazia na kusema neno. Nimekunywa chai yangu yote, ya moto, nikaungua ulimi.

Mchana Mama Ndaki ameniletea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyochemshwa na karanga. Akakaa. Akasema Ndaki, bintiye, aliacha chuo cha uuguzi mwaka wa pili baba yake alipofariki. Sasa labda atarudi. "Mungu hamtupi mja wake, Dokta, tazama amekuleta wewe."

Nikamjibu kwamba Mungu ni mwema.

Mungu ni mwema! Na mimi ndiye ninayefundisha maadili ya utafiti mwaka wa tatu, kila Alhamisi, kwa kushika chaki na kukunja uso.

Najidanganya kwamba nikimaliza kuchora ukuta nitamweleza. Siku mbili tu.

Jumapili, 13 Oktoba

Nyahanga, kwa mama yangu. Ibada, ugali, usingizi. Jioni kaka yangu Donatus kapiga simu kutoka Geita. Eti kuna rashi ya dhahabu imetoka huko Manonga, watu wanapanda magari, kuna mjiolojia mmoja ameficha mali kwenye mabomba. Je, namfahamu?

Nimemwambia simfahamu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Watu zaidi ya mia. Pikipiki, mahema ya maturubai, wauza maji, wauza sururu. Majaruba matatu ya Mama Ndaki hayapo tena. Matuta yamebomolewa, kila hatua nne kuna shimo. Na yeye anatembea katikati yao, anasalimia, anawaelekeza maji yalipo. Hajakasirika. Anadhani hiki ndicho alichokubali.

Mkubwa wao anaitwa Kalisti, katoka machimbo ya Mwakitolyo, mpole, mkono mmoja una vidole vitatu. Nikamwambia mbele ya wote, kwa sauti: hapa hakuna dhahabu. Huu ni udongo wa ziwa. Dhahabu iko kwenye miamba, nanyi mnajua kuliko mimi.

Kalisti akanisikiliza kwa heshima zote. Akasema, "Dokta, nilipochimba duara langu la kwanza wataalamu walisema maneno hayohayo." Wakacheka wote. Mmoja akaongeza kwamba mjiolojia akisema hakuna, hapo hapo shusha sururu.

Wiki nzima nilikaa kimya wakaniamini. Leo nimesema kweli, hakuna aliyeniamini. Nimeyataka mwenyewe.

Kinachonitia hofu ni kingine. Watu hawa wamezoea mwamba. Hawaweki matimba ya kushikilia kuta. Mchanga huu haushiki, na mfinyanzi ulio juu yake umepasuka kwa jua. Ikinyesha...

Jumanne, 15 Oktoba

Mawingu tangu asubuhi. Saa nane ukuta wa shimo moja umeshuka, mtu kafukiwa hadi kifuani. Wamemfukua kwa mikono. Mzima, lakini alikuwa anatazama tu.

Wamerudi kuchimba kabla hajasimama.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masele, ameitisha mkutano kesho. Kasema njia ni moja. Dokta afungue hayo mabomba watu waone.

Jumatano, 16 Oktoba

Lazima niandike kama ilivyokuwa.

Saa moja asubuhi, kabla watu hawajakusanyika, nilikwenda garini. Nikatoa mirija sita nikaiweka kwenye sanduku. Wa saba nikausukuma chini ya kiti cha nyuma, nikautupia koti. Thobias aliniona. Akageuza uso, akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Mkutanoni nilikata utepe kwa kisu, mmoja baada ya mwingine. Mchanga ukamwagika kwenye karai juani. Kalisti mwenyewe ndiye aliyeosha, karai linazunguka mkononi mwake kwa ustadi ambao sijawahi kuuona maabara yoyote. Wa kwanza, patupu. Wa pili, patupu. Hadi wa sita. Akanawa mikono, akawaambia wenzake, "Tufunge mizigo. Ni matope." Sauti yake haikuwa na kinyongo. Kufikia saa saba nusu yao walikuwa wameondoka.

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimewaokoa, sivyo? Wenzangu wangesema nimejitolea kazi yangu kwa ajili ya watu. Nusura nijisemee hivyo na mimi.

Mama Ndaki akanifuata hadi kwenye gari. Hakupaza sauti. "Dokta. Ilikuwa saba."

Nikasema mmoja uliharibika.

Akaniangalia kidogo. Akasema haya, akaenda zake. Ningependa angenitukana.

Alhamisi, 17 Oktoba

Imenyesha alfajiri, mvua ya kwanza. Nimekuja kufukia mtaro kama nilivyoahidi, mimi na Thobias. Wachimbaji wameisha. Mahema yameacha miraba mikavu ardhini.

Ndaki alikuwa amesimama ukingoni na ndoo. Aliponiona akaniamkia, akageuka kuangalia chini. Nikasogea. Mama yake yumo mtaroni, matope hadi magotini, anachimba kwa jembe la mkono upande wa kushoto. Pale pale nilipoutoa mrija wa saba. Lile tundu la ukubwa wa ngumi sasa anaingia mbuzi. Juu yake mfinyanzi umening'inia, umelowa, na kwenye nyasi kuna mpasuko unaoingia kidole.

Nikaruka ndani. Mwangaluka, Mama, nikamwamkia. Akaitikia huku akitabasamu kwa uchovu, akanivuta karibu. Akanong'ona ili hata binti asisikie.

"Umefanya vizuri kuwafukuza wale. Nilikuelewa pale pale. Wa saba umetuwekea sisi."

Nikamwambia ukuta utaanguka. Akasema hata nyumba huanguka. Nikamwambia hakuna kitu, nikaapa. Akanipiga bega kidogo, kama mtu anayecheza mchezo pamoja nawe. "Mimi usinifiche, mwanangu. Hao wameshaondoka." Akainama tena chini ya lile pango. Donge la mfinyanzi likadondoka mgongoni pake, akalipangusa. "Niambie tu. Kulia au kushoto?"

Ukuta wa kulia tuliulaza kwa kuukata ngazi tangu siku ya kwanza. Huo hauanguki.

"Kulia, Mama," nikasema.

Akatoka chini ya pango, akahamisha jembe, akahamisha ndoo. "Wabeja sana," akanishukuru. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Akamwita Ndaki ashuke amsaidie, kwa sababu sasa wamejua pa kuchimba.

Thobias amekwenda kumwita Mzee Masele. Mimi nimekaa kwenye kipande cha tuta kilichobaki, nusu saa sasa, nasikia majembe mawili. Wameshafika kwenye mchanga. Ndaki anamuuliza mama yake kama dhahabu huwa inang'aa ikiwa bado na udongo.

Kuna jambo ambalo halikunijia kule chini, niliponong'onezwa. Halikunijia hata nilipokuwa naapa. Kwamba ningeweza kwenda garini nikauchukua ule wa saba, nikaukata utepe mbele yake, nikaumwaga juani, na angeona kwa macho yake mwenyewe, na angetoka.

Limenijia sasa. Gari liko hatua thelathini. Funguo ninazo.

Bado naandika.