Mkeka Mmoja Baada ya Hitima Yako

Mama,

Jana tumekusomea hitima. Watu walijaa na wali ulitosha, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Walipoondoka, wakabaki barazani wale watatu waliokuuguza, mkeka mmoja, mara ya kwanza tangu moyo wako uanze kuchoka.

Bwana Haji, dresa wetu wa zahanati, alieleza jinsi alivyokuwa akikudunga sindano za kutoa maji mwilini, na jinsi daktari wa mjini alivyokukataza chumvi na kukupimia hata maji ya kunywa. Maalim Ussi akashika kichwa. Yeye alikuwa akikuandikia kombe, aya za zafarani zinazooshwa kwa maji ya kunywa, na kukuhimiza umalize bakuli zima, asubuhi na jioni. Halafu Shangazi Mize akauliza, taratibu, kama papa mkavu aliyekuwa akikupikia naye ana chumvi.



Nilikuomba, Mama, umwambie Shangazi umeshakula. Ukanijibu, "Wifi yangu katoka Kizimkazi na chungu kichwani, jua lote hili, nimwambie nshakula? Ntamtazama vipi?" Ukala, ukamsifu, na yeye kesho yake akaja na chungu kikubwa zaidi. Miguu yako ilivimba hata nikibonyeza kidole shimo linabaki. Ukawa unalala umekaa, umeegemea ukuta, na mimi nakupepea kwa kipepeo cha ukili kwa kuwa sikujua la kufanya.

Ningempata wa kumkasirikia, ningepumua. Nimemtafuta, sikumwona. Wote walikupenda. Kila mmoja alikutibu kwa alichokijua, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tulidhani wauguzaji wakiwa wengi, ndiyo utapona haraka.

Jana hiyo hiyo, Shangazi aliposimama kuondoka, makubadhi yake hayakuingia miguuni. Akasema ni uchovu wa msiba. Nilimwinamia kumsaidia, nikabonyeza kidole juu ya mguu wake. Shimo likabaki.

Nakuahidi, Mama, nitawakalisha tena wote kwenye mkeka ule, na Shangazi akiwa katikati, akiwasikia. Sijui kama itafaa kitu. Chungu cha kwenda Kizimkazi nitakibeba mimi, mchuzi usiotiwa chumvi, na akinikunjia uso nitakaa naye mpaka amalize.

Buriani, Mama yangu. Walau sasa umelazwa kwa ubavu, huegemei ukuta.

Mwanao,
Asha