Kopo la Maji Kwenye Kabati la Vioo

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla siku ya wazazi haijafika, maana zimebaki siku nne na nimejifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, nafundisha mazingira, na mwezi huu tulikuwa na somo la kutumia tena vitu badala ya kuvitupa, nikawaambia watoto kila mmoja alete kitu kilichotengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kazi, wakaleta magari ya vizibo na maua ya chupa za plastiki, mpaka mwalimu mkuu akasema vyote vifungiwe kwenye kabati la vioo pale ofisini ili wageni wavione, na binti mmoja mkimya akaleta kopo la kuchotea maji lililokatwa kutoka dumu la mafuta ya kupikia, mpini wake umezungushiwa tyubu ya baiskeli, mdomo umelika kwa kutumika, nami nikampa mbili kwa kumi kwa sababu halikupakwa rangi wala halikuwa jipya, na kumi nikampa mwenye chombo cha maua, ambaye baadaye aliniambia bila hata kupepesa macho kwamba mama yake alinunua soda sita wakazimwaga kwenye sinki ili wapate chupa.

Jana mama wa yule binti alikuja, akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. "Samahani mwalimu, kama mmemaliza nalo, tunaomba kopo letu. Sasa tunachota kwa kikombe, pipa ni refu, mdogo wake nusura atumbukie."

Nikamjibu, "Vumilia kidogo mama, mpaka siku ya wazazi."

"Haya," akasema, akaondoka. Binti hanyooshi tena mkono darasani. Nikibadilisha alama wazazi watanijia juu, na mwalimu mkuu ameshaandika ripoti ya kunisifu. Naona aibu, mshauri. Nifanyeje?

Mwalimu Niliyejifunga

*

Mwalimu, pole, lakini ni nusu tu, nusu nyingine nimempa yule mama. Umewafundisha watoto wasitupe kinachofaa, kisha ukachukua kitu pekee kilichokuwa na kazi ukakitia kufuli. Soda zikamwagwa, wewe ukatoa kumi! Sijacheka, ingawa nilitaka.

Aibu unayoiona ni haki yako, kaa nayo, haiui. Ila usikae ukiniandikia mimi wakati ufunguo wa kabati uko hapo hapo shuleni. Leo hii, sio siku ya wazazi, mwombe mwalimu mkuu akufungulie. Akiuliza kuna nini, mwambie kuna nyumba inachota maji kwa kikombe na mtoto nusura atumbukie. Kopo lipeleke mwenyewe, usimtwishe binti. Mwombe mama radhi mbele ya mwanawe, kwa maneno machache, na usianze kumweleza jinsi mnavyosahihisha.

Kesho liambie darasa kwamba ulikosea, umpe binti alama zake. Mwenye chombo cha maua usimwaibishe. Hakukuficha kitu, alileta ulichokipenda. Wazazi wakikujia juu, waulize ni nani kati yao atashindwa kumaliza wiki bila kile alicholeta mtoto wake.

Na pale kabatini pasijazwe kitu kingine. Weka kipande cha karatasi, aandike binti mwenyewe: "Kopo la kuchotea maji. Halipo, linatumika."